Mradi Unapofika Shambani Kwako: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa kwa Uthamini na Fidia ya Ardhi kwa Wakazi wa Tanga

Wengi wanaouliza kuhusu fidia ya ardhi huuliza wakiwa wamechelewa. Fedha imeshaingia benki, au jedwali la majina limeshabandikwa kwenye ofisi ya kijiji, ndipo mtu anapogundua kwamba minazi yake 60 imeandikwa 35, au kwamba kaburi la babu yake halikuandikwa kabisa. Kiasi cha fidia hupangwa siku wathamini wanapopita shambani na karatasi zao, na kitu ambacho hakikuandikwa siku ile ni kazi ngumu sana kukirudisha baadaye.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkulima wa minazi wa Chongoleani, mwenye michungwa wa Muheza, mvuvi wa Mkinga, mfugaji wa Handeni na Mwakie wa Kilindi ambaye msitu ndio ghala lake la asali. Mkazi wa Zinga au Mlingotini kule Bagamoyo anaweza kuutumia vilevile, kwa kuwa sheria ni moja. Miradi inayokuja haifanani: bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, barabara huchukua ukanda mwembamba, na bandari huchukua ufukwe mzima. Maandalizi ya mwenye ardhi, hata hivyo, ni yale yale.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Andaa vitu hivi kabla ya kusikia tarehe yoyote ya uthamini, kwa sababu kati ya tangazo na siku yenyewe muda huwa mfupi.

- Daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi huru. Kurasa zilizoshonwa ni vigumu kudaiwa kwamba ziliongezwa baadaye.
- Kitambulisho cha taifa cha mwenye ardhi na cha mwenzi wake, pamoja na akaunti ya benki yenye majina yale yale, herufi kwa herufi.
- Kila karatasi inayohusu ardhi: hati ya hakimiliki ya kimila, hati ya mauziano, barua ya kugawiwa, muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokugawia, risiti za kodi, hata stakabadhi za chama cha msingi ulichouzia korosho.
- Simu yenye kamera, na tarehe na saa zikiwa zimewekwa sawasawa.
- Utepe wa kupimia wa mita 50 au kamba iliyopimwa, na rangi au vitambaa vya kuwekea miti alama.
- Majirani wawili au watatu mnaopakana, walio tayari kutia saini kuhusu mipaka.
- Kama mwenye ardhi amefariki: cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo.

Usitoe nakala halisi ya karatasi yoyote kwa mtu yeyote. Toa kivuli, na aliyepokea aandike jina, cheo na tarehe kwenye daftari lako.

## Hatua ya 1: Jua ardhi yako iko katika kundi gani

Ardhi ya Tanzania imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Mitaa ya Jiji la Tanga kwa kawaida huangukia ardhi ya jumla, inayosimamiwa kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na vijiji vya Mkinga, Pangani, Muheza, Korogwe, Handeni na Kilindi viko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo.

Tofauti hii inaamua ni nani mwenye neno. Kwa kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, eneo la kijiji lisilozidi hekta 250 linapotakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hekta 250, Waziri ndiye mwenye uamuzi, lakini baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba ardhi ya kijiji isihamishwe mpaka aina ya fidia, kiasi chake, njia ya kuilipa na wakati wa kuilipa viwe vimekubaliwa. Kijiji kinachokijua kifungu hiki hukaa mezani kikiwa na nguvu, na kisichokijua huletewa karatasi za kusaini.

Mtu asikutishe kwa kuwa huna hati. Hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki ya kutolewa na serikali, na ardhi uliyorithi na kuilima kwa kufuata mila za eneo lako ni haki hata kabla haijaandikwa. Hati inarahisisha kuthibitisha haki hiyo, kwa hiyo kama kijiji chako kina masjala ya ardhi, omba hati sasa, kabla mradi haujatangazwa.

Wanaolima ndani ya mashamba ya mkonge yaliyoachwa wana hali tofauti na waizingatie. Kama hati ya shamba lile bado ni ya mwingine, kuna uwezekano mkubwa ukalipwa mazao na nyumba bila kulipwa ardhi. Waulize maofisa ardhi wa wilaya kwa barua kama hati hiyo ilifutwa na kama eneo limerudishwa kwa kijiji, kisha utunze majibu yao.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari sentensi isemayo: ardhi yangu iko kijiji fulani, kitongoji fulani, ni ardhi ya kundi fulani, niliipata kwa njia fulani, na karatasi au mashahidi wangu ni hawa.

## Hatua ya 2: Dai taarifa kwa maandishi

Tangazo la kipaza sauti halitoshi. Mwandikie mtendaji wa kijiji au wa mtaa barua fupi, ukiomba kujua taasisi inayotwaa ardhi na madhumuni yake, mipaka ya eneo, jina la mthamini na namba yake ya usajili, tarehe ya uthamini, na tarehe ya mwisho ya kufanya maendelezo. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka kazi hii ifanywe na mtu aliyesajiliwa, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili ni haki yako. Kwa kawaida utapewa Fomu ya Ardhi Na. 69, ambayo ni taarifa, na Na. 70, ambayo ni ya kudai fidia. Jaza ya pili kwa mkono wako au wa mtu unayemwamini, na ubaki na kivuli.

Chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, muda kati ya taarifa na kuchukuliwa kwa eneo haupungui wiki 6, isipokuwa serikali ieleze kwamba kuna dharura. Zitumie wiki hizo zote.

Onyo kubwa hapa linahusu tarehe ya mwisho ya maendelezo. Ukipanda michungwa au kuinua kuta baada ya tarehe hiyo, hutalipwa, na unaweza hata kushukiwa kuwa mdanganyifu na kutiliwa shaka kwa yale yaliyo ya kweli. Hata hivyo, tarehe hiyo haikuamuru uache shamba liingie msitu. Endelea kupalilia na kuvuna, na uombe maandishi yanayosema kama unaruhusiwa kupanda mazao ya msimu kama mahindi, ufuta na kunde. Kuna familia zilizoacha kulima kwa kuambiwa kwa mdomo kwamba malipo yako njiani, yakachelewa, nazo zikapita misimu bila chakula wala fedha.

## Hatua ya 3: Tengeneza orodha yako mwenyewe kabla ya mthamini

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mthamini anapita mashamba mengi kwa siku na hawezi kuujua mnazi uliojificha nyuma ya kichaka cha mikoko. Wewe unaujua. Orodha yako ndiyo itakayolinganishwa na yake, na bila orodha utabaki na neno lako tu.

Pima ardhi. Wengi hapa Pwani huhesabu eka kwa hatua 70 kwa 70. Eka halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa karibu mita 63.6, kwa hiyo hatua za mzee mrefu na za kijana mfupi hutoa eka mbili tofauti. Pima kwa mita, chora umbo la shamba, andika urefu wa kila upande na jina la jirani wa upande huo. Mthamini atakuja na kifaa cha GPS, na vipimo vyenu vikitofautiana sana, omba mzunguke shamba pamoja papo hapo.

Hesabu miti mmoja mmoja. Gawa shamba katika vipande, weka alama kila mti uliohesabiwa, na uandike aina, idadi na hatua ya ukuaji. Fidia ya mazao hulipwa kwa viwango vya bei vya Mthamini Mkuu wa Serikali, navyo hutofautisha mche, mti unaokua na mti uzaao. Mnazi uzaao ukiandikwa kuwa mchanga hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Katika shamba la mchanganyiko, kama yale ya Amani ambako mdalasini, mikarafuu, pilipili manga na iliki hukaa pamoja chini ya migomba, kila zao lihesabiwe peke yake. Usikubali kauli ya "shamba la viungo, nusu eka". Mwembe wa kivulini uani na mkungu uliopandwa na bibi navyo ni mali.

Eleza nyumba kwa vifaa vyake. Andika msingi ni wa nini, kuta ni za matofali, mawe ya matumbawe, au fito na udongo, paa ni bati au makuti, sakafu ni saruji au udongo, vyumba vingapi na ukubwa wa kila kimoja. Usisahau choo, jiko la nje, kisima, tangi, uzio, banda la mbuzi, na chanja la kukaushia dagaa.

Andika makaburi na mahali patakatifu. Uhamishaji wa makaburi una sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, inayogusa gharama za kufukua, kuzika upya na ibada za kutuliza roho za marehemu. Andika idadi ya makaburi, majina kama yanajulikana, na ndugu wa kutafutwa. Kwa msikiti, madrasa au shamba la wakfu, wadhamini wake waandike kwa barua ni nani atakayetia saini, kwani mali ya wakfu si ya imamu wala ya mwenyekiti wa kitongoji. Mzimu, pango la tambiko na mti mkubwa wa kuombea mvua vikiachwa nje ya karatasi, trekta litapita juu yake pasipo mtu wa kulisimamisha.

Piga picha. Picha moja ya mbali inayoonyesha mahali, nyingine ya karibu, na mwenye mali aonekane katika baadhi yake. Zitume kwa ndugu aliye mjini siku hiyo hiyo ili zibaki mahali pengine simu ikipotea.

Mwisho, mpelekee mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa daftari lako, aandike kwamba ameliona tarehe fulani na agonge muhuri. Akikataa kugonga muhuri, mashahidi wako wa mipaka watie saini. Orodha yenye tarehe iliyotangulia uthamini ina uzito ambao orodha ya baadaye haiwezi kuwa nao.

## Hatua ya 4: Safisha majina na haki ndani ya familia

Malipo mengi hukwama kwa sababu ya majina. Hati inasema Mwanahamisi, kitambulisho kinasema Mwanahamis, benki inasema Hamisi wa pili. Rekebisha mapema kwa kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, kwani siku ya malipo karani wa benki hatasikiliza maelezo.

Kama mwenye shamba ni marehemu, fungueni mirathi sasa. Mahakama ya Mwanzo itataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia kilichompendekeza msimamizi. Msimamizi si mrithi wa vyote; kazi yake ni kukusanya na kugawa. Andikeni katika muhtasari huo warithi wote, pamoja na mabinti walioolewa mbali, kwa sababu mrithi aliyeachwa anaweza kuzuia malipo ya wote.

Mume na mke waandikwe wote wawili, na wote wawili wapigwe picha ya uthamini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ni busara kuidai heshima hiyo hiyo katika fidia. Palipo na wake zaidi ya mmoja, kila mmoja aorodheshwe na nyumba na shamba analolihudumia. Ninalisisitiza hili kwa uchungu, kwa kuwa mjane au mke asiyekuwa kwenye karatasi ndiye anayebaki na watoto pale ambapo shamba limegeuka fedha na fedha imekwisha.

## Hatua ya 5: Linda ardhi ya pamoja, hasa ya wafugaji na jamii za asili

Fomu ya uthamini imejengwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwenye nyumba na miti. Malisho hayana miti ya kupandwa, msitu wa asali hauna ukuta, na bahari haina mwenye hati. Wamaasai wa Handeni, Waakie wa Kilindi na wakusanya pweza wa mwambao wasipofanya kazi ya ziada, watahesabiwa kama watu wasio na kitu.

Anzeni na ramani ya matumizi. Wazee, wanawake na vijana wakae pamoja wachore malisho ya kiangazi na ya masika, njia za mifugo, malambo, miti yenye mizinga, mapango, mahali pa dawa na makaburi ya zamani. Wanawake wasiachwe nje, kwani wao ndio wajuao chemchemi na mizizi. Ramani hiyo ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ijadiliwe, na iingizwe katika muhtasari uliosainiwa.

Kisha ombeni hati ya hakimiliki ya kimila ya kundi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu kundi la watu linalotambuliwa kwa mila kupewa haki hiyo. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, mkoani Manyara, walipata hati ya namna hii mwaka 2011, na tangu hapo wanapozungumza na mgeni anayeitaka ardhi yao huzungumza wakiwa na karatasi mkononi.

Tatu, uliza mradi unafuata viwango gani. Miradi inayotafuta fedha katika benki kubwa za nje huahidi mara nyingi kufuata viwango vya utendaji vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambalo ni tawi la Kundi la Benki ya Dunia. Kiwango cha 5 kinahusu utwaaji wa ardhi: kinataka mali ilipwe kwa gharama kamili ya kuipata upya bila kukata uchakavu, na riziki iliyopotea irejeshwe. Kiwango cha 7 kinahusu jamii za asili, na katika hali fulani kinataka ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za jamii hizo nalo linasema, katika ibara ya 10, kwamba zisihamishwe kwa nguvu. Hapa nyumbani serikali imekuwa ikisita kutumia jina la jamii za asili, na katika mradi wa bomba jina lililotumika zaidi ni makundi ya kikabila yaliyo katika mazingira magumu. Msipoteze siku nzima mkibishania jina. Daini yaliyomo: mkutano wa kwenu, kwa lugha yenu, kabla ya uamuzi, pamoja na muda wa kwenda kushauriana bila mgeni kuwapo.

Kwa wavuvi, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari kiandike wanaovua kwa mtumbwi, kwa ngalawa, kwa miguu wakati wa bamvua, na walimaji wa mwani, pamoja na kumbukumbu za mauzo hata kama ni daftari la mchuuzi. Madai haya hayapitii fomu ya ardhi. Yapelekeni kwenye mpango wa kurejesha riziki na kwenye vikao vya tathmini ya athari kwa mazingira, ambavyo viko chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Mnajua mmefanikiwa pale muhtasari wa mkutano unapotaja ardhi ya pamoja kwa mipaka yake, na ripoti ya mradi inapolitaja kundi lenu kwa jina.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe ya uthamini

Uwepo wewe, mwenzi wako, shahidi mmoja wa mpaka na kiongozi wa kitongoji. Tembea na mthamini kila kona ukiwa na daftari lako. Anapoandika idadi, mwombe aitaje kwa sauti, nawe ulinganishe hapo hapo. Utofauti ukisuluhishwa shambani huchukua dakika chache. Ukisuluhishwa mjini huchukua miezi.

Usitie saini fomu yenye nafasi tupu. Usitie saini kwa penseli. Kama hujui kusoma, mlete mtu wako akusomee neno kwa neno kabla ya dole gumba kugusa wino. Ukiona kosa ambalo mthamini amekataa kulirekebisha, andika pembeni mwa saini yako jambo usilokubaliana nalo, kwa mfano "minazi ni 60, imeandikwa 35". Maneno hayo hayakuhakikishii ushindi, lakini yasipokuwepo saini yako itasomwa kuwa ridhaa. Usiondoke bila nakala, au angalau picha ya kila ukurasa.

## Hatua ya 7: Fanya hesabu yako

Kanuni za fidia za 2001 zinataja vitu sita: thamani ya ardhi, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya malazi, posho ya usafiri na faida iliyopotea. Chukua mfano huu, wenye bei za kufanyia mazoezi tu:

- Ardhi eka 2 kwa shilingi 3,000,000 kila eka: 6,000,000
- Minazi 40 kwa shilingi 60,000: 2,400,000
- Nyumba: 9,000,000
- Jumla ndogo: 17,400,000
- Posho ya usumbufu, tukichukulia riba ya amana ya miezi 12 ya benki za biashara kuwa asilimia 8: 1,392,000
- Posho ya malazi, kodi ya soko ya shilingi 40,000 mara miezi 36: 1,440,000
- Posho ya usafiri, tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, kwa shilingi 1,000 kila tani kwa kilomita: 240,000
- Jumla kuu: 20,472,000

Mwenye duka, mgahawa au mashine ya kukoboa aongeze faida halisi ya mwezi mara 36, nayo lazima ithibitishwe kwa hesabu. Daftari la mauzo na risiti za mapato ndizo zitakazokusemea. Ardhi ambayo haikuwa na mtu wala matumizi siku ya kutwaliwa hailipwi malazi, usafiri wala faida, na hapo ndipo picha za shamba likiwa linalimwa zinapofanya kazi.

Kanuni hizo zinaruhusu pia fidia isiyo fedha: kiwanja cha ubora unaolingana, nyumba, miche, au chakula kwa muda maalumu. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika milioni ishirini kwa mkupuo, ardhi kwa ardhi mara nyingi ni salama zaidi.

## Hatua ya 8: Kupinga bila kupitwa na muda

Anza kwa barua kwa mthamini na kwa ofisi ya malalamiko ya mradi, ukiambatisha kurasa za daftari zilizogongwa muhuri, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na Mthamini Mkuu. Kila barua ipokelewe kwa saini. Makosa ya kuhesabu mara nyingi huishia hapa.

Ugomvi wa mpaka na jirani upelekwe Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza hilo linapatanisha tu, halitoi hukumu, na likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Dai dhidi ya serikali, halmashauri au shirika la umma lina njia yake. Toa kwanza taarifa ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kisha kesi ifunguliwe Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Kumwacha nje kunaiharibu kesi nzima, hata kama haki ni yako. Kwa baadhi ya madai ya fidia, Sheria ya Ukomo inatoa mwaka 1 tu, kwa hiyo toa taarifa hiyo ya siku 90 mapema. Tafuta msaada wa kisheria mapema; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua pia msaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii, ambaye hukupa ushauri bila malipo.

Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ina ukomo mkali zaidi, miezi 2. Mashirika yaliyolipinga bomba la mafuta mbele yake yalitupiliwa mbali Novemba 2023 kwa sababu ya kuchelewa kufungua shauri, bila hoja zao kuu kusikilizwa.

## Hatua ya 9: Malipo na kuhama

Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu. Ikichelewa, inaanza kuzaa riba. Ikifika miaka 2 bila kulipwa, uthamini umekufa na lazima ufanywe upya kwa bei za wakati huo. Weka tarehe ya idhini kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na siku ya kwanza ya mwezi wa saba peleka barua ya kudai riba. Wachache sana huidai, na asiyeidai ni nadra kuipata.

Usibomoe nyumba wala kukata mti kabla fedha haijasoma katika akaunti yako na hujailinganisha, mstari kwa mstari, na fomu uliyosaini. Kama mkuza, yaani ukanda wa bomba au barabara, umechukua sehemu tu ya shamba, uliza kwa maandishi unachoweza kulima ndani yake, na kama kipande kilichobaki hakitoshi tena kukulisha, dai nacho kichukuliwe.

Ukipewa ardhi mahali pengine, nenda ukaione kabla ya kukubali, na ukae na wenyeji. Waulize nani alikuwa akilima pale, nani alikuwa akichunga, na kama wamelipwa. Tangu Juni 2022 familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na wenyeji waliokuwapo kule wana madai yao kuhusu mashamba yale yale. Kwa hiyo omba, kabla ya lori kupakia, karatasi tatu: muhtasari wa kijiji kinachokupokea unaoonyesha kwamba ardhi ile haina mdai, mchoro wa mipaka, na hati yenye jina lako na la mwenzi wako. Karatasi hizo zikikosekana, mwandikie mkurugenzi kwamba utahama siku utakapozipokea.